Mletee Jiwe Akae

Somo: Kutoka 17:8–16. Soma pia Isaya 38, Luka 17:11–19 na Yakobo 5:14.

Wenye Biblia fungueni nami Kutoka 17, tuanze mstari wa 8.

Habari hii mnaijua. Waamaleki wamekuja kupigana na Israeli pale Refidimu. Yoshua anachagua wanaume na kushuka vitani. Musa anapanda kilimani na fimbo ya Mungu mkononi, pamoja na Haruni na Huri. Mikono ya Musa ikiwa juu, Israeli inashinda. Ikishuka, Amaleki anashinda. Andiko hili tumelihubiri kwenye kesha nyingi, na karibu kila mara tunalihubiri kuhusu maombezi: mwombaji, usishushe mikono! Ni sawa kabisa. Lakini leo tukae kwenye mstari wa 12, pale ambapo tunaambiwa wazi kwamba mikono ya mtumishi wa Mungu ilichoka ikamlemea.

Huyu ndiye Musa aliyesimama mbele ya Farao. Ndiye aliyenyoosha fimbo, bahari ikagawanyika. Kutoka 7:7 inasema alikuwa na miaka 80 alipoenda kuzungumza na Farao, kwa hiyo hapa ni mzee. Na mikono inakataa. Sasa pekua sura yote, utafute mahali Mungu anamkemea kwa ajili ya hiyo mikono. Hakuna. Tafuta mahali Haruni anamwambia, "Musa, hebu jichunguze, pengine kuna dhambi umeficha." Hakuna. Tafuta mahali Huri anakemea pepo wa mikono mizito. Hakuna, watu wa Mungu! Kabla hata ya kuigusa hiyo mikono, walitafuta jiwe ili akae.

Mnaona ninahubiri nimeketi. Wenyeji wanajua sababu, wageni hawajui, kwa hiyo niseme. Huu ni mwaka wa 9 ninaishi na ugonjwa ambao madaktari wanauita rumatoidi athraitisi, ambao ni aina moja ya baridi yabisi. Kijana mmoja wa hapa aliniuliza juzi, kwa heshima kabisa, "Mama Mchungaji, wewe unaombea watu wanapona. Na wewe je?" Ni swali zuri na nitalijibu. Lakini kwanza tuelewe ugonjwa wenyewe, maana tumeusingizia mambo mengi.

Mungu ameweka ndani ya mwili ulinzi. Vijidudu vikiingia, ulinzi huo unaamka na kupigana navyo. Sasa fikiria umeajiri mlinzi wa usiku, mkali kweli kweli, halafu usiku mmoja anawageukia watoto wako mwenyewe anawapiga rungu akidhani ni wezi. Hawafahamu tena. Ndivyo ilivyo katika ugonjwa huu. Kinga ya mwili inashambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Utando unavimba, unajaa joto na maji, na ukiachwa hivyo unaanza kula gegedu na mfupa wenyewe. Mara nyingi huanza na viungo vidogo: vidole vya mikono, vifundo vya mikono, vidole vya miguu. Na kwa kawaida hushika pande zote mbili. Ukiuma mkono huu, na ule mwingine unauma.

Na asubuhi! Wenye ugonjwa huu mnisaidie kusema amina. Mwenye magoti yaliyochakaa kwa uzee huamka mkavu, akitembea dakika chache, analegea. Sisi tunaweza kukaa saa nzima au zaidi kabla vidole havijakubali kukunja. Kifungo cha blauzi kinakuwa mlima. Kufungua mfuniko wa chupa, kukamua nguo, kusonga ugali wa watu sita, kushika chuma cha mlango wa matatu wakati makanga anasema "haraka mama, haraka." Halafu saa nane mchana huyo huyo mtu unamkuta anatembea vizuri, na unasema, si alikuwa anasema ni mgonjwa?

Halafu kuna uchovu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu uchovu ndio huvunja nyumba. Huu ugonjwa hauishii kwenye viungo. Unaweza kupunguza damu, unaweza kugusa mapafu, macho, hata moyo. Mwili unapigana na wenyewe usiku na mchana, kwa hiyo mtu anachoka kabla hajafanya kazi yoyote. Mume anaona mke amekuwa mvivu. Mama mkwe anaona msichana aliyeolewa hawezi kubeba mtungi. Mwajiri anaona mtu wa visingizio. Na mgonjwa mwenyewe, akiambiwa hivyo kila siku, anaanza kuamini.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wanaishi na ugonjwa huu, na karibu asilimia 70 yao ni wanawake. Kwa hiyo mkiona kina mama wengi kuliko wanaume wanasugua vidole wakati wa ibada, msishangae. Wanaume pia wanaupata. Vijana wanaupata. Watoto nao wana aina yao ya baridi yabisi, kwa hiyo tusiseme "huo ni ugonjwa wa cucu."

Sasa, hilo jina letu, baridi yabisi, limetupotosha kidogo. Tunasikia "baridi" na tunasema mtu amefua sana kwa maji baridi, au ameoga usiku, au amezaliwa Limuru. Baridi inaweza kufanya maumivu yasikike zaidi, hilo hata mimi nalijua mwezi wa saba. Lakini baridi haiuzai ugonjwa. Mombasa kuna joto na wako wagonjwa. Wengine wanasema umerogwa, kwa sababu vidole vimepinda. Wengine wanasema ni laana ya ukoo, kwa sababu na shangazi alikuwa nao. Ni kweli ugonjwa unaweza kufuata damu ya familia, kama sukari na presha zinavyofuata. Uvutaji wa sigara nao unaongeza hatari. Hauambukizi. Unaweza kumshika mkono mwenye ugonjwa huu. Ila umshike polepole.

Na hapo kuna jambo. Sisi Wapentekoste tunasalimiana kwa nguvu. "Geuka kwa jirani yako, mshike mkono, mwambie wewe ni mshindi!" Halafu ndugu mwenye mkono wa fundi wa mawe anakamua vidole vya dada aliye na uvimbe. Dada anatabasamu, analia ndani. Ninajua wawili ambao siku hizi huingia kanisani wakati nyimbo zimeshaanza, ili wapitwe na salamu. Kanisa, mtu anachelewa ibada kwa kuogopa salamu ya upendo!

Tuje kwenye dawa, maana hapa ndipo watu wanaumizwa kwa jina la imani.

Kuna dada, si wa kanisa hili na sitasema ni wa wapi, alienda kwenye mkutano wa injili. Mhubiri akaita wagonjwa, akawaambia waje na dawa zao wazitupe jukwaani, kama alama kwamba hawatarudi Misri. Dada akatupa. Wiki mbili alijisikia vizuri, akapewa kipaza sauti akashuhudia. Halafu uvimbe ukarudi. Angekuwa amenyamaza siku ile pengine angerudi kliniki upesi. Lakini alikuwa ameshashuhudia. Atawaambia nini watu? Akavumilia mwaka na nusu, akifunga mikono kwa leso ili mtu asione. Alipokuja kwangu vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeanza kulala upande wa kidole cha mwisho. Yeye ni fundi wa nguo, wapendwa. Mkono huo ndio ulikuwa unalipa karo.

Madaktari watakwambia, na mimi si daktari, mimi nimekaa tu kwenye benchi la kliniki miaka hiyo yote: mfupa ukishaliwa, dawa haiurudishi. Ndiyo maana wanataka waanze matibabu mapema, miezi ya kwanza kabisa. Ukiona viungo vidogo vimevimba pande zote mbili na asubuhi unakaa mkavu muda mrefu, na wiki zinapita, usikae na marashi ya kusugua. Nenda upimwe. Kuna vipimo vya damu, na hata vikisema hakuna kitu, daktari anayejua bado atakutazama mikono, maana wengine wana ugonjwa na damu yao haionyeshi. Madaktari waliobobea katika hili ni wachache Kenya, na wengi wako mijini, kwa hiyo omba barua ya rufaa, usingoje.

Dawa inayotumiwa zaidi inaitwa methotreksati. Ukiuliza kwenye simu yako utaambiwa ni dawa ya saratani, na utaogopa. Ni kweli inatibu saratani kwa kipimo kikubwa. Kwa viungo inatolewa kipimo kidogo, na inamezwa SIKU MOJA TU KWA JUMA. Nimemwomba mhariri aweke herufi kubwa hapo. Wako watu wamedhurika vibaya kwa kuimeza kila siku kama vidonge vingine. Huenda pamoja na foliki asidi, na unapimwa damu mara kwa mara kuangalia ini na chembe za damu. Haifai kwa mama mjamzito, inaweza kumharibu mtoto tumboni, kwa hiyo dada anayetaka mtoto azungumze na daktari mapema, kabla hajashika mimba. Na haifanyi kazi leo kwa leo. Inachukua wiki 6 hadi 12 kuonekana. Wengi wanaacha wiki ya tatu, wanasema imeshindwa.

Kinachofanya kazi leo kwa leo ni steroidi, na hapa muwe macho. Mwaka 1948, huko Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimdunga mama mmoja aliyekuwa na ugonjwa huu dawa mpya, kotisoni. Katika siku chache mtu aliyekuwa hawezi kujigeuza kitandani akatembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Ulimwengu ukasema, tumeipata! Baadaye madhara yakaonekana: uso kuvimba, mifupa kuwa dhaifu, sukari kupanda. Madaktari bado wanaitumia, kwa kipimo na kwa muda. Lakini wewe unaenda kwa muuzaji fulani anakuuzia unga usio na jina, unapona jioni hiyo hiyo, unaita jirani. Baadhi ya hizo dawa za "mifupa" zinazouzwa kama mitishamba zimewahi kupimwa sehemu mbalimbali duniani zikakutwa zimechanganywa steroidi kwa siri. Na ukishazimeza muda mrefu, kuziacha ghafla nako ni hatari. Kwa hiyo kama unatumia, usitupe leo kwa sababu ya mahubiri yangu. Beba hiyo chupa umpelekee daktari, umwambie ukweli wote.

Mtu ataniambia, "Mama, na Mfalme Asa je?" Nimeshaletewa hilo andiko, 2 Mambo ya Nyakati 16:12. Asa aliugua miguu, akawaendea waganga, akafa. Ndiyo. Lakini anza kusoma mstari wa 7. Nabii amekuja kumrekebisha, Asa amekasirika amemfunga gerezani, amewatesa watu. Huyu mtu alikuwa ameshamwacha Bwana kabla miguu haijauma. Andiko linamlaumu kwa kutomtafuta Mungu. Halikuandikwa ili ufiche kadi yako ya kliniki.

Mtazame Hezekia, Isaya 38. Mungu amesema kwa kinywa cha nabii: nakuongezea miaka 15. Neno limetoka, haliwezi kurudi. Na bado Isaya yule yule, mstari wa 21, anaagiza waweke tini juu ya jipu. Miaka 15 iko, na tini ziko. Hezekia hakumwambia Isaya, "Sasa mtumishi, unanirudisha Misri?"

Na anayesema amepona? Bwana asifiwe! Mimi naamini uponyaji, na wako hapa ninaowajua. Lakini fuata njia ya Yesu. Wale wakoma kumi wa Luka 17, Bwana aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, kwa sababu katika sheria, Walawi 14, kuhani ndiye aliyekagua na kutangaza. Nenda kwa daktari na uponyaji wako. Apime damu, akupunguzie dawa mwenyewe. Kama Mungu amefanya, kipimo hakitamharibia kazi. Tangu leo, katika kanisa hili, anayeshuhudia kupona hatatakiwa kutupa dawa hapa mbele. Na atakayeshuhudia kisha maumivu yakarudi, aje atuambie vilevile, tumuombee vilevile.

Sasa swali la kijana. Na wewe je, mama?

Mimi naomba kila asubuhi, wakati mikono imelowekwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Sijapona. Nikisoma 2 Timotheo 4:20 namkuta Paulo, ambaye Matendo 19 inasema hata vitambaa vilivyomgusa viliponya watu, anaandika kwamba amemwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Sentensi moja tu. Hakueleza. Hakusema Trofimo hana imani, wala hakusema "mimi nimeshindwa." Alimtaja kwa jina, katika barua, kama mwenzake katika kazi. Kijana, jibu langu ni hilo. Niko Mileto. Sijui kwa nini, na Bwana hajaniambia. Lakini sijafutwa kwenye barua.

Turudi kilimani. Baada ya jiwe, Haruni akashika upande huu, Huri upande huu, na mikono ikasimama imara mpaka jua likazama. Mpaka jua lizame, kanisa! Sisi tunajua kushika mikono ya mtu dakika tano. Mgonjwa akilazwa tunaenda watu thelathini, na soda, na mkate. Mwezi wa nne haendi mtu. Na huu ugonjwa ni wa miezi na miaka. Biblia haisemi Haruni na Huri walipokezana na mtu. Na wao walikuwa wazee. Nadhani jioni ile na mabega yao yalikuwa yanawaka moto.

Kwa hiyo tuanze na jiwe. Wazee wa kanisa tumekubaliana viti vyenye mkono vya kuegemea viwekwe mwisho wa kila mstari, na si vya wageni waheshimiwa. Kiongozi wa sifa akisema "simameni," anayeweza asimame. Akisema "inua mikono," asiyeweza afungue kiganja hapo mapajani, Mungu anaona. Kupiga magoti si lazima. Kuhusu mfungo: anayetumia dawa asifunge kabla ya kuuliza daktari, na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuchoma tumbo, zaidi tumbo tupu. Anaweza kufunga simu. Wengine wetu huo ungekuwa mfungo mgumu zaidi.

Nyumbani: funga kitambaa kinene kwenye mpini wa mwiko na kisu, vidole visibane sana. Kiondo kibebwe begani, kisining'inie kwenye vidole. Wanaume, kukamua blanketi hakuondoi uanaume. Mazoezi mepesi yanasaidia, kiungo kikilala sana kinakauka, lakini siku kimevimba kipumzishwe. Na ule mchango wetu wa wagonjwa usingoje mtu alazwe. Nauli ya kliniki na pesa za vipimo ndizo zinawashinda watu. Tawi la kina mama watakuwa na daftari, aone mweka hazina peke yake.

Na fundi wetu yule wa nguo yuko kwenye matibabu. Uvimbe umepungua. Vidole havijanyooka. Anashona tena kidogo, mashine ya umeme, na binti yake ndiye anakata kitambaa.

Tuombe. Lakini leo sitaita mtu mbele. Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, na wao ndio wanaenda kwake. Sisi tumegeuza, tunawapigisha foleni wenye magoti mabovu. Basi kaeni hapo hapo mlipo. Anayetaka kuombewa aweke leso yake juu ya goti tutamwona. Wazee, chukueni mafuta mshuke. Mkono uwekwe kichwani polepole, mtu asisukumwe, asivutwe mkono. Wapiga vyombo, pigeni chini. Anzeni na ule mstari wa nyuma karibu na mlango, wale huwa wanaondoka mapema.